Sura ya Sita: Mbegu Zilizofia Koponi

Inspekta alivua kiatu cha kulia chini ya meza kwanza, ndipo akamtazama mwanamke aliyeletwa mbele yake. Gari la kituo lilikuwa gereji, kama kawaida yake, na kesi hii ya mbegu alikuwa ameifuata kwa miguu tangu ilipoanza, kutoka vitaluni hadi ghalani, kutoka ghalani hadi maabara, mpaka kidole gumba kikavimba kikakataa soksi. Mtu wa umri wake alipaswa kuwa amepewa meza kivulini na birika la chai. Badala yake alipewa vitunguu.

"Shangazi, leo utaniambia kitu?"

"Nilishakwambia, Afande. Duka ni langu, mbegu nimeuza mimi, lawama ni yangu. Andika."

"Niandike kwamba uliuza mbegu bandia?"

"Hazikuwa bandia."

"Zilikuwa na nini basi?"

Mwanamke akainamisha kichwa, akawa anatazama miguu yake. Alikuwa pekupeku. Mahabusu huacha viatu kaunta, na kandambili zake za bluu zilikuwa huko tangu alipokamatwa, zimefungwa kamba moja na mkanda wa mlevi fulani.

Hakuwa shangazi wa Inspekta wala wa askari yeyote pale. Jina lilianza kwa watoto wa kaka yake, majirani wakalidaka, likafika kwa wakulima wote wa bondeni waliokuwa wakinunua mbegu na dawa za mimea dukani kwake. Sasa wakulima hao hao walikuwa wanamwita mwizi. Msimu huu karibu kila kitalu cha vitunguu kilichosiwa mbegu za Shangazi kilikataa. Watu walimwagilia, wakasubiri, wakamwagilia tena, ardhi ikabaki kimya, na muda wa kusia upya ukawapita. Aliyekuja kituoni akiwa mbele ya wenzake, akapiga kaunta ngumi na kusema "mkamateni," alikuwa Mwenyekiti wa chama cha wakulima, ambaye ni kaka yake Shangazi, baba mmoja mama mmoja.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Vizuri sana, lakini wahenga hawakuwa askari polisi.

"Mwendesha mashtaka anataka jalada kesho asubuhi," Inspekta alisema. "Nikimpelekea hivi lilivyo, atakushtaki kwa kuuza mbegu bandia. Kibali kinakwenda, duka linafungwa, na wewe unafungwa. Unanisikia? Mtu mwenye kosa huwa anajitetea, asiye na kosa huwa anapiga kelele. Wewe huna hili wala lile."

"Nimechoka, Afande."

"Hata mimi nimechoka, ila mimi sitalala mahabusu."

Inspekta alivuta kielelezo kilichokuwa pembeni ya meza, kopo la bati la mbegu za vitunguu, lenye kifuniko cha plastiki cha kufunua na kufunika. Lilikuwa limeacha duara la kutu juu ya jalada. Alilipangusa chini kwa kiganja, kiganja kikawa chekundu, akakifuta kwenye suruali bila kufikiri, kisha akasonya, maana suruali hiyo ilikuwa imefuliwa jana.

"Mrudisheni ndani," alimwambia askari wa zamu. "Taratibu. Hajaua mtu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema kwa kila jambo, na ndiyo maana nyuma ya mgongo wake kituo kizima kilimwita Mzee Taratibu.

*

Mchambuzi wa mbegu alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta juani, kwa sababu chumba chake cha maabara kilikuwa cha baridi mwaka mzima. Alimpokea Inspekta mlangoni akamtazama anavyochechemea.

"Shikamoo, Inspekta. Umekuja na miguu mingapi leo?"

"Marahaba. Mmoja na nusu. Nipe mtu wa kumkamata."

"Mimi nina maiti tu. Njoo uzione."

Juu ya meza kulikuwa na visahani vya kioo, kila kimoja kina karatasi yenye majimaji na mbegu zilizopangwa kwa mistari. Inspekta alikuwa amemletea makopo matatu: kopo la vitunguu kutoka dukani kwa Shangazi, kopo la nyanya kutoka duka hilo hilo, na kopo la vitunguu ambalo halijawahi kufunguliwa, alilolitoa mwenyewe kwenye ghala la msambazaji, katoni moja na yale ya Shangazi.

"Tuanze na bandia," mchambuzi alisema. "Hakuna bandia hapa. Hizi chache zilizoota ni aina ile ile iliyoandikwa koponi. Hakuna aliyezikaanga, hakuna aliyechanganya na mchanga. Futa."

"Nilishaanza kufuta. Kuna bibi mmoja kule mlimani, kitalu chake kimeota mpaka kinakera. Na alinunua kwa Shangazi huyo huyo."

"Alinunua lini?"

"Alikuwa wa kwanza. Siku kopo lilipofunguliwa."

Majirani wa bibi huyo walisema amependelewa. Wengine walisema mambo mengine, ya kunong'onezana, na tangu hapo bibi alikuwa halali bila kuweka meza nyuma ya mlango. Inspekta alikuwa amekaa kwenye meza hiyo akinywa chai yake na hakuelewa kitu.

"Basi siku hiyo mbegu zilikuwa hai," mchambuzi alisema. "Hebu inama hapa. Nimezipasua, nimezitia dawa. Penye uhai panakuwa pekundu."

Inspekta akaweka jicho kwenye lenzi. Kisahani cha kwanza kilikuwa na nusu za mbegu zilizoiva wekundu. Za cha pili zilikuwa nyeupe pepepe, isipokuwa chache zenye madoa ya waridi.

"Hizo nyeupe ndizo za dukani?"

"Ndizo. Marehemu wote. Ila usidhani zimekufa siku moja. Mbegu huzeeka. Kwanza inachelewa kuota. Halafu inaota kilema, mzizi hauna nguvu ya kushika udongo. Mwisho haiinuki tena. Kama wewe, Inspekta. Bado upo, ila ukiitwa unachelewa kuinuka."

"Mimi ni mguu tu."

"Wote huwa wanasema ni mguu."

Akacheka peke yake. Inspekta alikuwa anafikiria ghala. Alikuwa amekwenda huko akakuta paa la mabati lisilo na dari, joto la kupikia ugali, katoni za mbegu zimerundikwa mpaka juu, na msimamizi wake, Bwana Ghala, amekaa na feni inayompuliza yeye mwenyewe. Bwana Ghala alijibu kila swali kwa kuangalia simu. Tangu siku hiyo Inspekta alikuwa ameshamchagulia seli, ile ya mwisho, yenye kunguni.

"Niambie ni joto la ghalani," alisema. Alisikia mwenyewe jinsi alivyokuwa anaomba.

"Pole. Kisahani chekundu ndicho cha ghalani."

"Aa! Haiwezekani. Mle ndani hata panya wanatoka jasho."

"Joto limezipunguza nguvu kidogo, zinachelewa kuota, na ningemshauri huyo bwana aweke dari. Lakini zinaota. Mbegu iliyokaushwa vizuri, ikafungwa ndani ya bati lisilopitisha hewa, inavumilia sana. Adui wake mkubwa ni unyevu. Nimezipima. Hizi za dukani zimebeba maji karibu mara mbili ya zile za ghalani."

"Zilimwagikiwa maji?"

"Hapana, zingeoza. Ni unyevu wa kuingia kidogo kidogo. Na joto likaja, likaondoka, likaja."

"Lakini tarehe ya kwisha iliyopigwa koponi bado iko mbali."

"Tarehe hiyo ni ya kopo lililofungwa. Ukishafungua, inabaki pambo."

Inspekta akageukia kisahani cha tatu. Nyanya zilikuwa zimeota, si kwa haraka, lakini zimeota.

"Na hizi? Si duka lile lile?"

"Duka lile lile, na unyevu ule ule. Nyanya ni sugu. Kitunguu roho yake nyepesi, kati ya mbegu za mboga hakuna nyingi zinazozeeka haraka kama yeye. Jambo ambalo nyanya ataliita mafua, kitunguu analifia."

"Kwa hiyo zilikaa pamoja, mahali penye unyevu, dukani kwa Shangazi."

"Bafuni, jikoni, ukutani panapovuja. Sijui. Mimi ni mtu wa visahani, kutembea ni kazi yako."

"Usinikumbushe," Inspekta alisema, akainama kufunga kamba ya kiatu, akaiacha bila kuifunga.

*

Mume wa Shangazi alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka. Hakuna aliyekuwa amemletea kitambaa tangu mkewe akamatwe. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa na tundu la jiwe, naye alikuwa amekiziba kwa kipande cha kanga, kimepindwa kingo na kushonwa vizuri kabisa.

"Karibu, Afande. Umekuja kuchukua nini tena? Tumebaki mimi na cherehani."

"Nimekuja kuangalia tu, Fundi."

"Angalia. Macho hayana pazia."

Inspekta aliangalia. Rafu zilikuwa za mbao, mbali na ukuta, mbali na jua. Alipitisha mgongo wa mkono ukutani, ukuta ulikuwa mkavu. Alipanda kistuli, kwa kuugua, akachungulia dari, hakuna doa la mvua. Aliinua mkeka, sakafu kavu. Pakiti ndogo za mbegu zilikuwa zimepangwa kwenye sanduku la bati lenye mfuniko. Kwa kweli hakuwa ameona duka linalotunzwa hivi tangu kesi ianze, na jambo hilo lilimuudhi.

"Bafu liko wapi?"

"Nyuma kule. Umebanwa?"

"Nataka kuliona."

"Loo! Polisi wana mambo."

Bafu lilikuwa mbali, ng'ambo ya ua. Jikoni kulikuwa na ghala la mkaa na kuku mmoja aliyelalia mayai. Hakuna mtu mwenye akili angeweka kopo la mbegu huko. Inspekta alirudi dukani akajitupa kwenye benchi.

"Mkeo aliuzaje vitunguu? Kopo zima?"

"Nani wa kununua kopo zima? Kwa kijiko. Mtu anakuja, anataka kijiko kimoja, viwili, kutegemea kitalu chake. Na lazima kopo lifunuliwe mbele yake azione, azinuse, azimwage kiganjani. Hiyo ni amri ya shemeji yangu, Mwenyekiti. Zamani walipigwa na mbegu za pakiti, wakafungua nyumbani wakakuta takataka. Akasema kuanzia leo hakuna mkulima kununua asichokiona."

"Kwa hiyo siku nzima linafunuliwa na kufunikwa."

"Siku nzima, msimu mzima. Afande, umesawajika. Ngoja nikupe maji baridi."

Fundi akapita nyuma ya kaunta. Mlango ulilia ukafunguka na kufungwa. Akarudi na chupa ya maji, Inspekta akanywa nusu yake kwa mkupuo mmoja, akaitua kwenye kaunta ya kioo na kujifuta mdomo. Chupa ilikuwa imelowa nje, matone yanateremka. Alipoiinua tena ilikuwa imeacha duara la maji.

Akalitazama. Akaitua chupa pembeni kidogo, akasubiri, akaiinua. Duara jingine.

"Afande, hayo maji ni mazuri tu, tunakunywa sisi wenyewe."

"Fundi. Askari wangu walipokuja kupekua, yale makopo ya vitunguu waliyatoa wapi?"

"Si huko huko nilikotoa maji."

Taarifa ya upekuzi ilisema "nyuma ya kaunta." Inspekta aliwaombea askari wake mambo ambayo hayaandikiki, akajiinua, akaenda nyuma ya kaunta. Lilikuwa friji la zamani, jeupe, refu kama mtoto wa shule, limefunikwa kitambaa cha kudarizi juu. Alifungua. Hewa baridi yenye harufu ya maji yaliyolala ilimpiga usoni. Ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa matone. Kwenye rafu ya chini, pamoja na chupa za maji, kulikuwa na maduara ya kutu yaliyopangana kwa mstari, ukubwa ule ule wa duara lililokuwa juu ya jalada lake.

"Nani alisema mbegu zikae humu?"

"Huko kwenye semina walisema mbegu zinataka baridi. Mwenyekiti ndiye aliyehudhuria. Aliporudi akaleta friji hili. Lilikuwa la marehemu mkewe, alikuwa akiuzia juisi. Tangu amzike alikuwa hawezi hata kulipita pale sebuleni. Basi siku hiyo akalipakia kwenye mkokoteni, akalisukuma mwenyewe njia nzima, anatania watu. Akamwambia dada yake, wifi yako angependa lifanye kazi." Fundi akatikisa kichwa. "Mke wangu akahamishia humo makopo yote yaliyofunguliwa, vitunguu na nyanya. Bibi wa mlimani alikuwa ndio kwanza ameondoka na kijiko chake."

"Na umeme hapa vipi?"

"Umeme wetu unakuja ukijisikia. Ukikatika mchana, humu ndani panakuwa chungu cha mvuke. Lakini mke wangu si mzembe, Afande. Kila asubuhi alikuwa anayatoa makopo, anayafuta jasho moja moja kwa kitambaa, kama anamfuta mtoto kamasi. Halafu anayarudisha."

Inspekta alifunga friji. Alifikiria kopo linatolewa kwenye baridi, linafunuliwa kwenye hewa ya mchana ili mkulima anuse, hewa ile inaingia ndani, inapoa, inatoa jasho juu ya mbegu, linafunikwa, linarudishwa. Na tena. Na tena. Mbegu zingeachwa rafuni na kifuniko chake zingeweza kuumaliza msimu zikiwa hai.

"Kwani ni vibaya?" Fundi aliuliza. "Walisema baridi."

"Bila shaka walisema baridi na ukavu, Fundi. Baridi bila ukavu si kitu. Mtu amerudi na nusu ya somo."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani. Mguu wake ulikanyaga pedali bila kitambaa, sindano ikapanda na kushuka mara chache, ikasimama.

"Mke wangu anajua?"

Inspekta alikumbuka macho yaliyokuwa yanatazama miguu. "Nafikiri anajua siku nyingi."

*

Inspekta alipofika kituoni wakulima walikuwa wamejaa ngazini, kama kila siku, wakitaka kujua mwizi wao anapelekwa lini kortini. Mwenyekiti alisimama mbele yao. Kabla ya kufiwa alikuwa mtu mnene, sasa suruali yake ilishikiliwa na mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Afande, kesho ni kesho? Au mtatuzungusha tena?"

"Taratibu, Mwenyekiti. Usiondoke. Nitakuita."

Shangazi aliletwa. Inspekta hakukaa, maana alijua akikaa hatainuka.

"Nimeliona friji. Hata maji yake nimeyanywa," alisema.

Mwanamke alifunga macho.

"Umemwambia Kaka?"

"Bado."

"Usimwambie. Nakuomba kwa jina la mama yako, Afande. Andika nilikuwa mzembe. Andika niliyalowesha mimi."

"Sikiliza. Uzembe bila maelezo hautoshi. Mwendesha mashtaka ataniuliza mbegu halali, kutoka ghala halali, zimekufaje dukani, na nisipokuwa na jibu atarudi kwenye lake la bandia, kwa sababu ndilo rahisi. Jibu langu ni friji, na friji lina mwenyewe."

"Basi nipeleke kortini."

"Kwa ajili ya friji?"

"Kwa ajili ya kaka yangu!" Ilikuwa mara ya kwanza kupandisha sauti. "Wewe umemwona sasa tu. Hukumwona alivyokuwa baada ya mazishi. Alikuwa akikaa pale sebuleni anaangalia ukuta, chakula kinapoa mbele yake. Tulikuwa tunaficha kamba, Afande. Mimi na watoto wake. Tunaficha kamba na dawa za kuulia wadudu. Sasa uende umwambie friji la mke wake limewamalizia watu msimu? Ataamka vipi kesho?"

Inspekta alijua namna mbili za kufunga jalada hili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, maana mwanamke mwenyewe alikuwa ameshaitia sahihi. Alisimama akiegemea mguu mzima, akiwasikia watu ngazini wanamtukana mtu ambaye alikuwa amewafutia makopo kila asubuhi. Alichoka. Alichoka na mguu, na watu wema wanaompa kazi kubwa kuliko wezi.

Akafungua mlango. "Mwenyekiti! Njoo ndani. Peke yako."

Mwenyekiti aliingia, hakumtazama dada yake. Inspekta alieleza kwa kifupi, kama anavyoeleza mahakamani. Mbegu zilikuwa halisi. Ghala halikuua. Bibi wa mlimani hakuroga mtu, alinunua kabla. Zilizobaki zilikaa kwenye friji, kopo likifunuliwa na kufunikwa, umeme ukija na kwenda, zikavuta unyevu, zikazeeka, zikafa. Mchambuzi yuko tayari kusimama kizimbani kusema hivyo.

"Friji gani?" Mwenyekiti aliuliza.

Akaelewa. Aliangalia ukutani, kwenye kalenda, akawa kama anaisoma.

"Semina walisema baridi," alisema.

"Walisema na ukavu," Inspekta alisema, kwa upole aliokuwa nao.

"Labda walisema. Nilikuwa... Mke wangu alikuwa ana wiki chache tu ardhini. Nilikuwa nimekaa nyuma." Ndipo akamgeukia dada yake. "Wewe ulijua?"

"Nilijua kitalu chako kilipokataa. Nilirudi nikachota kwenye kopo, mbegu zikashikana kwenye kijiko."

"Na ukaniacha nikuite mwizi mbele za watu? Nimekutemea mate, mdogo wangu. Njiani, watu wote wanaona. Ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Kaka? Siku uliyoleta lile friji ulikuwa unacheka. Ulisukuma mkokoteni unacheka. Tangu tumzike wifi sikuwa nimeyaona meno yako. Nikasema hicho kicheko sikigusi, hata iweje."

Mwenyekiti akashika ukingo wa meza. Inspekta alisogeza kiti kwa mguu mbovu, maumivu yakampanda mpaka kiunoni, lakini Mwenyekiti hakukikalia. Alitoka. Walimsikia kaunta akibishana na askari wa zamu, kisha wakamsikia ngazini. Hakupaza sauti. Watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Mbegu zilikuwa nzuri," alikuwa anasema. "Dada yangu hakumwibia mtu. Mimi ndiye niliyemletea friji, na mimi ndiye niliyesikia nusu ya somo nikawafundisha kama zima. Mwenye neno aniambie mimi. Jiwe mlilolirusha kwake lilikuwa langu."

Mtu mmoja alianza kufoka, mwingine akamwambia anyamaze. Halafu ikawa manung'uniko, na viatu vinashuka ngazi. Msimu wao ulikuwa umekwisha vile vile, na hakuna aliyeshangilia.

Aliporudi, Mwenyekiti alikuwa ameshika kandambili za bluu. Alipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi, mtu mzima yule, akazipanga mbele ya miguu ya dada yake, moja, kisha nyingine, kisha akabaki hapo chini hana la kufanya na mikono yake.

"Inuka, Kaka. Watu wanaona."

"Waone."

Inspekta alikuwa amegeukia dirisha, anatafuta kalamu mahali ambapo hakuna kalamu.

"Na friji usije ukalitupa," Shangazi alisema, akiingiza vidole kwenye kandambili. "Nakujua wewe. Tutaweka maji tu. Afande mwenyewe ameyanywa."